Mtoto wa Tanga Niliyejulishwa na Mkenya

Mwaka 2019 nilikuwa Arusha, nimetumwa na chumba cha habari nilichokuwa nafanyia kazi wakati ule kuripoti mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nasema kuripoti, lakini aliyewahi kukaa kwenye mikutano ile anajua kwamba kazi yenyewe ni kusubiri. Unasubiri mawaziri watoke, unasubiri taarifa ya pamoja ichapwe, unasubiri chai. Ndani ya ukumbi ni Kiingereza mwanzo mwisho. Mlango ukifunguliwa tu na watu wakishika vikombe, karibu wote wanahamia Kiswahili, kama waliovua viatu vinavyobana.

Kwenye foleni ya chai nikawa nyuma ya mwandishi mwenzangu kutoka Nairobi. Tukaulizana kwetu. Nikamwambia mimi mtu wa Tanga. Uso wake ukachangamka.

"Wacha! Kwa kina Kongowea!"

Nikamsahihisha kwa upole wa Kitanzania, ule wenye majivuno ndani yake. Nikamwambia Kongowea ni Mombasa, kule sokoni.

"Si soko, bro. Kongowea Mswahili. Siku Njema. Kwani wewe hujasoma Siku Njema?"

Sikuwa nimesoma. Ken Walibora nilimjua kwa mbali, kama mtangazaji wa Kenya mwenye Kiswahili kizito. Mwenzangu akaanza kunisimulia mji wangu: mama mwimbaji wa taarabu, mtoto asiyemjua baba, uyatima, manyanyaso ya ndugu, safari ya kwenda Kenya. Yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga Tanga. Lakini alikuwa na Tanga yake kichwani tangu sekondari, na aliipenda. Mimi nimezaliwa pale, nimesoma pale, nimekula muhogo wa pale, na sikuwa najua kwamba kuna Wakenya wengi wanaoujua mji wangu kupitia kitabu ambacho sijawahi hata kukiona.

Aibu ile ndiyo inayoniandikisha leo. Nataka kuisoma Siku Njema kwa jicho la mtu wa Tanga, na nataka kuuliza swali ambalo kwenye mikutano ya Arusha sijawahi kulisikia: tunashirikiana vipi kama hatusomani?

Wiki chache baada ya mkutano, mwenzangu alinitumia nakala yake kwa basi. Bahasha ya kaki, jina langu na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito, kama tunavyotumiana mzigo wowote. Nikaifuata stendi, nikasaini daftari la kondakta. Ilikuwa nakala ya shule. Pembeni kuna penseli kila mahali: "nahau", "tashbihi", "sifa za Kongowea", na mahali pengine "itatoka!" ikiwa na mistari miwili chini yake. Nikaiweka kabatini nikiahidi kuisoma. Wenye tabia hiyo mnajijua.

Aprili 2020 zikaja habari kwamba Walibora amegongwa na basi jijini Nairobi na amefariki. Wakenya wakaijaza mitandao kwa maombolezo ambayo sijawahi kuona mwandishi wa Kiswahili akifanyiwa. Nikaitoa bahasha kabatini. Niliimaliza kwa usiku mbili.

Kwa wasioijua: Siku Njema ilitoka 1996, mchapishaji ni Longhorn wa Nairobi. Kongowea Mswahili anasimulia maisha yake mwenyewe. Mama yake, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu mjini Tanga. Mama anafariki mtoto angali mdogo, na kuanzia hapo mtoto analelewa na ndugu, malezi yenye simango kuliko chakula. Ni hodari shuleni, lakini kuna swali linalomfuata kila mahali: baba yako nani? Jibu liko ng'ambo ya mpaka. Kongowea anaondoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta, na safari inamfikisha mpaka Kitale, magharibi kabisa, mbali na bahari na kila alichokizoea. Sitasema anakuta nini. Kama wewe ni Mtanzania, kuna uwezekano mkubwa hujaisoma, na sitaki kukuharibia.

Tuanze na jina. Kongowea ni jina la zamani la Mombasa. Kwa hiyo kabla mtoto huyu hajafungasha chochote, kabla hajaonyesha karatasi yoyote kwa afisa yeyote, tayari ameitwa kwa mji wa upande wa pili. Na jina la pili, Mswahili, ni neno ambalo wataalamu wamegombana juu yake miaka na miaka: Mswahili ni nani? Ni mtu wa pwani tu? Ni kila anayekisema? Walibora hakuwa mtu wa pwani, alikuwa mtu wa magharibi ya Kenya. Anapompa shujaa wake jina hilo, kisha akamtoa Tanga akampeleka karibu na kwao yeye mwandishi, analijibu swali bila kutoa mhadhara. Mswahili ni huyu hapa, na baba yake yuko Kitale.

Sasa itazame tarehe. Mwaka 1996 Jumuiya ya Afrika Mashariki haikuwapo. Ile ya kwanza, iliyoundwa 1967, ilikufa 1977. Tunafundishwa sababu zake kama hesabu: ujamaa wa Tanzania na ubepari wa Kenya havikupatana, Nyerere hakukubali kukaa meza moja na Idi Amin, na mgawanyo wa faida ulilalamikiwa. Shirika la ndege, reli, bandari, posta, vyote vikagawanywa. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena mpaka 1983. Mazungumzo ya kurudiana yalichukua miaka. Machi 1996 ndipo sekretarieti ya ushirikiano wa nchi tatu ilipozinduliwa Arusha, na mkataba wa Jumuiya mpya ukatiwa saini Novemba 30, 1999.

Maana yake ni kwamba mwaka uleule ambao watu wa suti walikuwa wanafungua ofisi Arusha, Nairobi kilitoka kitabu kuhusu mtoto anayevuka kumtafuta baba. Sidhani Walibora alipanga iwe hivyo. Hakuandika riwaya ya Jumuiya, na nina shaka kama riwaya ya namna hiyo ingesomeka. Lakini aliona kitu ambacho mkataba haukuona vizuri, kwamba kwa watu wengi wa huku mpaka ni habari ya undugu kabla haujawa habari ya biashara.

Hapa naomba niingize mambo ya nyumbani. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mdigo wa Moa, huko juu kaskazini ya Tanga. Wadigo wako pande zote mbili. Mstari ulipochorwa hakuna aliyewauliza. Kaka yake aliolea Vanga, upande wa Kenya, mahali ambapo kwa bahari ni karibu kuliko sokoni kwa baadhi yetu leo. Kabla ya 1977 walikuwa wakitembeleana kama majirani. Mpaka ulipofungwa, vijana waliendelea kuvuka kwa njia za panya, lakini bibi alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na aliogopa. Kaka yake akafariki mpaka ungali umefungwa. Habari ilimfikia baada ya arobaini. Alikuwa akituhadithia jambo hili bila kulia, na kila mara alimalizia kwa maneno yaleyale: "Nikakaa matanga peke yangu, na maiti keshazikwa."

Bibi hakuwahi kupanda ndege ya shirika la Jumuiya. Hakujua habari za mgawanyo wa mabehewa. Alichojua yeye kuhusu kuvunjika kwa ushirikiano wa kikanda ni kwamba hakumzika kaka yake. Niliposoma Kongowea anaondoka kumtafuta baba ambaye huenda yu hai, huenda hayupo, nilijua kwa nini kifua kimenibana, na penseli ya pembeni iliyoandika "taharuki" haikunisaidia.

Mimi mkataba wa 1999 nimeusoma, kwa sababu ya kazi. Nawasihi wapenzi wa fasihi mjaribu kuusoma kama mnavyosoma maandishi mengine, kwa kuangalia maneno gani yanarudi na yapi yanaachwa. Katika misingi ya utendaji, kifungu cha 7, kuna sifa mbili zimekalishwa pamoja: ushirikiano unaowalenga watu, na ushirikiano unaoendeshwa na soko. Zimekaa kama mke na mume kwenye picha ya ndoa. Ukifuatilia yaliyokuja baadaye unaona nani ana sauti nyumbani. Umoja wa forodha ulianza 2005, soko la pamoja 2010. Watu wapo kwenye soko la pamoja, ndiyo, lakini mara nyingi wakiwa "nguvukazi", wakiwa "huduma", wakiwa kitu kinachosafiri kama mizigo mingine.

Na hata soko lenyewe linakwama. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilichomwa moto Namanga; mamlaka zetu zikasema ni kuzuia magonjwa ya ndege. Machi 2021 Kenya nayo ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Sisemi magonjwa ni uongo wala sumukuvu ni mzaha. Nasema jinsi tulivyoongea. Nilikuwa kwenye chumba cha habari kipindi cha mahindi, na nilisoma maoni ya wasikilizaji wetu kuhusu "hao Wakenya". Nikajiuliza ni nani kati ya hawa amewahi kukaa na Mkenya mmoja ndani ya kichwa chake kwa kurasa mia mbili. Riwaya hufanya hivyo. Inakupangisha mtu. Ukishakaa naye muda wa kutosha, neno "hao" linakuwa gumu kidogo kulitamka.

Lakini nisiigeuze Siku Njema kuwa dawa. Ina udhaifu, na udhaifu wenyewe unahusu mada yetu.

Kwanza, Kongowea ni mwema mno. Ana akili, ana adabu, anavumilia, na hata anapokosea unahisi mwandishi amesimama karibu na leso mkononi. Mtu wa namna hiyo tunamhurumia upesi, ila hatusumbui. Bahati nayo humkuta mahali palepale ambapo hadithi inamhitaji akutwe nayo. Msomaji aliyekulia kwa Kezilahabi, anayewaacha wahusika wake waanguke bila mkeka chini, ataona tofauti.

Pili, lugha. Walibora alipenda msamiati kama watu wengine wanavyopenda kanzu iliyopigwa pasi. Kuna kurasa ambazo nahau inaifuata nahau mpaka unatamani mtu aseme tu "nimechoka". Mimi kama mtu wa Tanga nilitaka kusikia mtaa wetu zaidi: kengele za baiskeli, maana Tanga ni mji wa baiskeli, na yale maneno yetu ambayo hata Dar hawayajui. Watu wa Tanga ndani ya Siku Njema wanaongea Kiswahili ambacho ningekisikia kwa mwalimu, si kwa muuza kahawa.

Nilikuwa na maoni hayo, nikaridhika nayo, mpaka nilipojiuliza: ingeandikwa kwa Kiswahili cha muuza kahawa wa Ngamiani, mtoto wa Machakos angeisomaje? Wa Kisumu je? Kile Kiswahili kilichopigwa pasi, kinachonichosha mimi, ndicho kilichoiwezesha Tanga kufika darasani kwao. Na hakikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya Kiswahili ya nchi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na Kiunguja kikawa msingi wa usanifishaji. Yalikuwa mambo ya wakoloni, na Wamvita wana haki ya kunung'unika mpaka leo, maana lahaja yao yenye ushairi wa karne nyingi iliwekwa kando. Lakini ukilitazama kwa utulivu, Kiswahili sanifu ni mradi wa ushirikiano wa kikanda uliozizidi umri Jumuiya zote mbili. Kamati ile ndiyo mzazi wa taasisi ya Kiswahili iliyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndege za pamoja zimeondoka, lugha imebaki, na Mkenya mmoja akaitumia kuandika kuhusu kwetu.

Hili linanileta kwenye kiburi chetu Watanzania. Wote tunaujua ule utani: Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania, kikaugua Kenya, kikafia Uganda, kikazikwa Kongo. Nimeurudia mara ngapi mwenyewe, sijui. Tunacheka Mkenya akisema "tarakilishi" wakati sisi tunasema "kompyuta", kana kwamba kutafuta neno la Kiswahili ni kosa la Kiswahili. Leo nchi za kwenye utani huo zote zimo ndani ya Jumuiya. Kongo ilijiunga 2022, na mwaka huohuo baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kufundishwa shuleni. Mgonjwa, maiti na kaburi wote wamekuja kudai kitabu. Sisi tunaojiita wenye lugha, tumesoma nini chao?

Nitasema kwa orodha niliyosoma mimi. Sekondari nilisoma Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, Joka la Mdimu ya Abdallah Safari. Kidato cha tano na sita nikasoma Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi na Kivuli Kinaishi ya Said Ahmed Mohamed. Ni vitabu vizuri, sijuti hata kimoja. Lakini ona: Takadini ni hadithi ya Zimbabwe. Yaani nilivushwa mipaka mpaka Zimbabwe, halafu kitabu cha Kiswahili kinachoanzia mjini kwangu, kilichoandikwa nchi ya jirani, hakikunifikia. Wakenya wamefanya vizuri zaidi hapo. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari wetu, imesomwa na kutahiniwa katika shule zao. Wao wametusoma kidogo, sisi tumewacheka.

Sababu si chuki. Vitabu vya Kiswahili huku kwetu vinaishi kwa shule. Mchapishaji hali kwa wasomaji wa jioni kama mimi na wewe, anakula kwa oda za shule, na orodha ya shule inapangwa na mamlaka za kila nchi kwa kuangalia ndani. Kitabu kisipokuwa kwenye orodha hakiletwi, kisipoletwa hakijulikani, kisipojulikana hakiwezi kuingia kwenye orodha. Ndiyo mduara wenyewe. Niliulizia Siku Njema kwenye maduka ya vitabu mawili Dar es Salaam. La kwanza hawakuijua. La pili muuzaji alinijibu vizuri kabisa: "Hiyo ya Kenya, kaka. Labda umwagizie mtu."

Haikuwa hivi siku zote. Kuanzia 1948 kulikuwa na shirika la vitabu la Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, lililochapa vitabu kwa ajili ya nchi zote, Kiswahili kikiwemo. Jumuiya ilipokufa nalo likafa, na Kenya ikabaki na Kenya Literature Bureau. Kwenye orodha ya marehemu wa 1977 huwa tunazitaja ndege na treni. Kitabu hatukitaji.

Halafu watu wananiambia, dunia imekuwa kijiji, mambo ya mipaka ya vitabu yamepitwa na wakati. Tukitazame hicho kijiji. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Zanzibar, alitoa Paradise mwaka 1994 huko Uingereza. Mwaka 2021 akapata Nobel. Mwaka 2022 riwaya ile ikarudi nyumbani ikiitwa Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, imechapwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Nilifurahi, nikaisoma, na nadhani tafsiri ile ni zawadi. Lakini fuata njia yake: kutoka Zanzibar, kupitia London, kupitia Stockholm, mpaka Dar. Njia hiyo ipo na inapitika. Kutoka Nairobi mpaka Dar, Siku Njema haikuwa na njia zaidi ya basi na kondakta mwaminifu. Hata tuzo iliyowakutanisha waandishi wa Kiswahili wa Kenya na Tanzania mezani pamoja tangu 2014, ilianza ikiitwa Mabati-Cornell, na nusu ya jina hilo ni chuo kikuu cha Marekani. Simlaumu aliyetoa fedha. Ninachoona ni kwamba utandawazi umejenga barabara kuu kati yetu na walio mbali, na kuziacha njia za jirani na jirani ziote nyasi.

Muziki haukusubiri mtu. Nyimbo za Bongo zinachezwa Nairobi siku ileile zinapotoka Dar, na hakuna aliyetia saini itifaki. Labda kwa sababu wimbo hauhitaji kuingia kwenye orodha ya mtihani. Vitabu navyo vimeanza kupita njia za panya za siku hizi: nakala za PDF zinazozunguka WhatsApp, ambazo mwandishi hapati hata senti. Kila ninapotumiwa moja nakumbuka vijana wa Moa waliokuwa wakivuka usiku. Njia ya panya ni ushahidi kwamba watu wanataka kuvuka. Pia ni ushahidi kwamba njia halali imefungwa.

Kwa hiyo ninaomba nini? Kitu kidogo. Kila nchi ya Jumuiya inayofundisha fasihi ya Kiswahili iweke kwenye orodha yake kitabu kimoja cha jirani. Kimoja tu, kwa zamu. Tangu 2015 tuna Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, makao yake Zanzibar. Kama ingenisikiliza, ningeiomba ipunguze kongamano moja itutengenezee orodha hiyo, kisha ikae na wachapishaji mpaka kitabu kiweze kuvuka bila kuagizwa kwa mtu. Hoja ya kwamba vijana wetu wasome kwanza vya kwao naiheshimu, lakini nauliza, Siku Njema ni ya nani? Mwandishi Mkenya, mchapishaji Mkenya, mama wa Tanga, baba wa Kitale, jina la Mombasa. Afisa forodha ataandika imetoka wapi?

Kuna swali ambalo sijalimaliza mwenyewe. Mwenzangu wa Nairobi aliisoma Siku Njema kwa lazima, na penseli zake zinaonyesha mtoto aliyekuwa anatafuta maksi. Je, kuiingiza kwenye orodha ya mtihani si kuiua? Nilimuuliza kwa simu. Akacheka. "Tulilazimishwa, ni kweli. Lakini maswali yote nimeyasahau, na Tanga sijaisahau." Kisha akaniuliza nakala yake itarudi lini. Nikamwambia nitamrudishia ikiwa na mwenzake, na nikamtumia Vuta N'kuvute kwa basi lilelile. Yake bado ninayo.

Kwa kweli siyo mimi niliye nayo sasa hivi. Mwezi uliopita nilikuwa Tanga, nikamwachia mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili. Jioni nikamkuta barazani, kaketi kwenye ngazi, kitabu magotini, anafuatisha kwa kidole zile penseli za mtu asiyemjua.

"Mjomba, hiki kinatoka kwenye mtihani?"

Nikamwambia hapana.

"Sasa huyu kaandika itatoka."

Nikamwambia huyo ni Mkenya, kwao ilitoka. Akafikiri kidogo. Akaniuliza Kitale ni mbali kiasi gani na hapa, na nauli yake shilingi ngapi. Sikuijua nauli. Akarudi kwenye ukurasa wake, na mpaka giza lilipoingia na mama yake kumwita mara mbili, alikuwa bado hajanyanyuka.